Sufuria Niliyokwenda Nayo Mandari

Jumanne, 3 Februari 2026

Nina mume. Naandika tena nijionee: nina mume. Anaitwa Twaha, anatengeneza madirisha ya aluminiamu, na akirudi jioni nywele zake zina vumbi la fedha kama mtu aliyemwagiwa nyota. Hina yangu bado iko kwenye vidole. Nikiosha vyombo naitazama. Mama mkwe amesema nikiendelea kuitazama hivyo nitavunja sahani zote za Tandika.

Tunakaa kwake, chumba cha uani. Jina lake ni Bi Tabu, ila mie namwita Mama. Mumewe alishafariki. Watoto wakubwa wameshatoka: Suleiman yuko Mtwara na mkewe, Rukaiya kaolewa Mbagala. Kabaki Twaha, kitinda mimba. Na mie.

Leo wakati wa kula Mama katangaza: Jumapili ya tarehe kumi na tano tunakwenda mandari. Nikauliza mandari ndiyo nini. Twaha akasema, "Pikniki." Mama akamkatiza — pikniki ni ya watoto wa shule na soda zao, mandari ni ya watu wazima na pilau.

Mjomba Mfaume alikuwepo. Ni kaka yake Mama, hukaa nyumba ya tatu na huja kunywa kahawa kila siku kana kwamba kwake hakuna maji. Akasema neno mandari limetoka kwenye Kiarabu, ni mambo ya kutazama. Mnatoka kwenda kutazama penye uzuri. Lakini mandari ya kabla ya Ramadhani ina jina lake kabisa, vunja jungu.

Kwetu Singida jina hilo nimelisikia kwenye redio tu. Nikauliza kwa nini jungu livunjwe. Mjomba akasema zamani vyungu vya udongo vilivyopikiwa mchana vilivunjwa, vikanunuliwa vipya vya futari. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, nani kwetu alikuwa na pesa ya kuvunja vyungu? Maana yake mle mpaka jungu libaki tupu, basi."

"Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Na wewe ulikuwa unanyonya."

Wakaendelea hivyo. Twaha alikuwa ananigusa mguu pale mkekani, polepole, na mie sikusikia tena neno hata moja la historia.


Jumatano, 4 Februari

Nimempigia Hope. Tuliuza pamoja kwenye duka la vifaa vya simu pale Ubungo kabla sijaolewa. Sasa kapanga Yombo, si mbali na hapa. Nikamwambia habari ya mandari na pikniki. Hope hawezi kusikia neno akaliacha, akaingia mtandaoni hapo hapo.

Kumbe pikniki ni Kifaransa. Kipande cha kwanza ni kama kudonoa. Kipande cha pili ni kitu kidogo kisicho na thamani, ingawa wengine wanasema kiliwekwa tu ili neno liimbe. Na zamani haikuwa lazima mtoke nje! Watu walikutana hata sebuleni, kila mmoja kaja na chakula chake au mchango wake. Mambo ya kutandika nguo kwenye majani yalikuja baadaye, kwa Waingereza.

"Yaani hakuna mwenyeji wala mgeni," Hope akasema. "Kila mtu na chake, wote sawa."

Nimeipenda sana hiyo. Nimeiwaza mchana mzima nikifua. Hakuna mwenyeji wala mgeni. Mie tangu niingie nyumba hii nakula tu. Napakuliwa, naambiwa ongeza mwali, naambiwa umekonda. Sijawahi kuweka kitu changu kwenye lile sinia tunalolia pamoja.


Ijumaa, 6 Februari

Mama kanifundisha kukuna nazi kwenye mbuzi yake. Ya mti, ya zamani, imeng'aa pale anapokalia. Kumbe ni jambo kubwa. Rukaiya amepita mchana, kanikuta nimeikalia, akashika kiuno.

"Mama! Mie mwanao wa kumzaa hujawahi kuniruhusu hapo."

"Wewe ulikuwa unakuna na vifuu," Mama akamjibu. "Mwache mwenzangu."

Mwenzangu. Kasema tangu Rukaiya aolewe amekuwa akipika futari peke yake, na tambi za mtu mmoja hazina ladha. Mwaka huu atapika maandazi, kunde za nazi, mihogo, kila kitu, kwa sababu kuna wa kupiga naye soga jikoni wakingoja adhana. Alisema hayo akiniangalia mikono, ahakikishe nakuna sawasawa. Sikuthubutu kuinua uso, machozi yalikuwa karibu.

Twaha nilimweleza habari ya pikniki ya Wafaransa tukiwa tumekaa barazani. Nikamwambia nataka na mie nibebe chakula changu siku hiyo, nipike mwenyewe. Alitazama mlango wa Mama. Halafu akanishika kidevu.

"Beba," akasema. "Beba, Lulu."

Ana sauti ya kumfanya mtu abebe mlima.


Jumapili, 8 Februari

Leo kanipeleka Chanika kwa pikipiki ya rafiki yake. Nilimshika kiuno njia nzima, hata pale ambapo barabara ni nzuri.

Nyumba yetu! Vyumba viwili na sebule, ina bati tayari. Madirisha kayatengeneza mwenyewe, yanateleza bila sauti, nimeyafungua na kuyafunga mpaka akanicheka. Nje kuna mikorosho minne na upepo. Nilisimama kwenye kitakachokuwa chumba chetu nikaona kila kitu: kitanda, pazia, hata mtoto anatambaa. Mama anajua kuna kiwanja tu. Hajui kama kuna bati.

Ndipo Twaha akaniambia kamshawishi Mama mandari ya mwaka huu iwe hapa badala ya Kigamboni. Kamwambia kuna kivuli na hakuna msongamano. Atakuja ataona mwenyewe. "Tumshangaze," akasema.

Nikamuuliza tutahamia lini, maana Mama alisema tukae naye mpaka tupate mtoto wa kwanza. Na mie sioni ubaya. Akasema Mungu akipenda. Akachuma bibo, akalifuta kwa shati lake, akanilisha. Maji yake yameacha doa kwenye gauni. Sitalifua.


Jumatano, 11 Februari

Kuku wa kienyeji watatu wamefika stendi ya Mbezi na basi kutoka Singida, na dumu la mafuta ya alizeti. Mama yangu mzazi kasema watu wa pwani wasije wakadhani tumekuja mikono mitupu.

Twaha kaniletea sufuria mpya. Kubwa, nzito, mfuniko unakaa kama kofia. Kaniletea kwa Hope, si nyumbani. Kasema nipikie huko huko, Mama asisikie hata harufu.

Nimezidi kumpenda. Mwanaume anayekumbuka hata mfuniko.


Jumamosi, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Ua moja jekundu, la plastiki kwa sababu la kweli litakauka, ndivyo alivyosema. Nimeliweka dirishani.

Nimeshinda kwa Hope nikichemsha kuku. Wa kienyeji hawana haraka. Hope alikuwa anakata vitunguu huku ananichokonoa.

"Mama mkwe anajua?"

Nikamwambia hapana, ni saprize.

"Ukweni hakuna saprize, mdogo wangu. Ukweni kuna taarifa."

Nikamwambia na yeye aolewe kwanza. Akanirushia ganda la kitunguu. Kuku wameiva vizuri, rosti imeshika, mafuta ya alizeti yameelea juu kama dhahabu. Kesho nitaipasha tu.


Jumapili, 15 Februari

Nataka kuandika kila kitu kama kilivyokuwa.

Mama, Mjomba, Rukaiya na mumewe walitangulia na Noah ya kukodi. Pilau la Mama lilikuwa ndani, na biriani la Rukaiya. Mie na Twaha tulipitia kwa Hope na kirikuu, kile kigari cha mizigo cha kazini kwa Twaha. Sufuria niliipakata njia nzima, nimeizungushia kanga. Twaha alikuwa anaimba.

Tulipofika walikuwa wameshatandika mikeka chini ya mikorosho. Mama alikuwa amesimama hajakaa, anaiangalia nyumba. Anaangalia bati. Twaha akashuka akamwamkia, akambusu mkono. Mama akasema, "Marahaba, baba. Naona umefika mbali."

Ndipo mie nikashuka na sufuria.

Nilikuwa nacheka. Nakumbuka kwa sababu mashavu yalikuwa yameanza kuuma. Nikaenda moja kwa moja mkekani nikaiweka kati ya pilau la Mama na biriani la Rukaiya, nikafunua. Harufu ikatoka. Rukaiya alikuwa anamenya embe. Kisu kikasimama.

"Heee. Mwali kaja na jungu lake."

Hakuna aliyecheka. Mumewe akaanza kushughulika na chupa za maji. Mie nikasema ni kuku wa Singida, nimepika mwenyewe, nikaeleza na habari ya pikniki, kwamba asili yake kila mtu aje na chake. Niliongea sana. Niliona naongea sana lakini sikuweza kuacha.

Mama akakaa. Akanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole. Akachukua kipande kidogo, cha shingo, akala mpaka akamaliza. Akasema, "Kuku mtamu. Chumvi umeipatia." Halafu akamgeukia Mjomba. "Kaka, muombee dua mwali. Ana jiko lake sasa."

Mjomba Mfaume, ambaye hanyamazi hata akilala, aliinua mikono akaomba bila mzaha wowote. Riziki, afya, watoto, moshi usikatike kwenye jiko lile. Tukaitikia amina. Twaha ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilifurahi. Nilidhani ndiyo nimepokelewa.

Tulikula vizuri. Kuku wakaisha. Twaha akamtembeza Mama nyumba nzima, akamwonyesha jinsi madirisha yanavyoteleza. Mama alikuwa anasema vizuri, vizuri. Alipotoka nilimwona ameweka kiganja ukutani kama mtu anayepima kama pamekauka.

Kurudi alisema yeye atapanda Noah. Nilidhani atakaa na mie mbele kwenye kirikuu, kama tulivyopanga.


Jumatatu, 16 Februari

Asubuhi nimeingia jikoni kama kawaida, nikavuta mbuzi nikune nazi. Mama akasema, "Acha tu mgeni wangu, utachafuka." Kwa upole. Hakukasirika. Kachukua mbuzi akakalia mwenyewe.

Mgeni wangu.

Nikasema labda kachoka na safari. Nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mchana nikapakuliwa kwenye sahani yangu peke yangu, juu ya meza, na kijiko. Siku zote tunakula sinia moja.

Nimempigia Rukaiya. Nilitaka kuuliza kama nimeweka pilipili iliyomdhuru Mama.

"Wifi," akasema, "Twaha hakukwambia?"

Kwao mke anayekaa ukweni habebi chakula siku ya vunja jungu. Anabeba mkeka, maji, sahani. Chakula chake ni kile kilichotoka kwenye jungu la mama mkwe. Mwenye kubeba jungu ni mwenye jiko lake. Siku ya kwanza akilibeba ndiyo anaaga: mama mkwe anaonja, wakubwa wanaomba dua, na Ramadhani ikiingia anafuturisha kwake. Hakuna maneno yanayosemwa. Jungu ndilo linalosema. Ndivyo mke wa Suleiman alivyoaga.

"Na wewe umeliweka mbele ya nyumba yenye bati," Rukaiya akasema. "Mama alidhani mna mwaka mzima bado. Ameshanunua mpaka tambi."

Nikasema mie sikujua. Nikasema labda Twaha amesahau.

"Asahau? Mke wa Suleiman alipoaga, Twaha ndiye aliyefunua mfuniko. Alikuwa mkubwa, ana ndevu."

Nilimuaga kwa adabu, nikatuma salamu hata kwa mumewe.

Nimekaa kitandani nikipanga mambo kwa utaratibu. Alisema beba. Aliamua mahali. Alinunua sufuria. Aliipeleka kwa Hope. Sijaongeza kitu. Ni hivyo tu vilivyo, na mie ndiye niliyeviandika humu kwa furaha.

Twaha karudi alasiri, vumbi la fedha kichwani. Nilimuuliza uani huku ananawa miguu. Nilimuuliza taratibu kama mtu anayeuliza bei.

Kwanza kasema alidhani najua. Nikamwambia mie ni wa Singida. Halafu kacheka kidogo, kanivuta mkono.

"Lulu, ningemwambiaje? Suleiman alipohama Mama aliumwa. Mie ndiye wa mwisho. Kila nikifungua mdomo unagoma. Wewe ukaja na ile pikniki yako, nikaona Mungu kanifungulia. Umemwambia vizuri kuliko ambavyo ningemwambia mie. Bila ugomvi. Kala, dua imeombwa, kwisha."

"Kadhani ni mie nimekutoa."

"Atazoea," akasema. "Mama mkwe na mkwe huzoeana. Ila mama na mwanawe radhi ikipotea haipatikani dukani."

Alikuwa ameshaongea na mwenye kirikuu. Tunahama kesho mchana, tuupokee mwezi tukiwa kwetu. Alikuwa na furaha kama siku ya ndoa. Macho yale yale. Niliyaangalia kwa muda mrefu. Ni mazuri bado, hilo siwezi kukataa.


Jumanne, 17 Februari

Vitu vyetu si vingi. Kitanda, godoro, masanduku mawili, zawadi za harusi ambazo hata hatujazifungua. Twaha na rafiki yake wanapakia tangu adhuhuri. Mjomba Mfaume anawaelekeza jinsi ya kufunga kamba, na hakuna anayemsikiliza.

Mie nilikuwa nakunja pazia Mama akaja. Alikuja na ungo wa choroko, akakaa kwenye kigoda pale mlangoni kwangu, akaanza kuchambua. Nikakaa chini. Sikujua nifanye nini na mikono.

Akaniambia amewaza tangu juzi. Kasema niliposhuka kwenye gari nilikuwa nacheka. Mke wa Suleiman alipoaga hakuwa anacheka, alikuwa anatetemeka kiasi kwamba mchuzi ulimwagika. Hakuna mwanamke anayeaga akicheka vile, labda awe hana haya. "Na wewe haya unayo, nimekaa nawe jikoni."

Halafu akauliza. Hakuinua uso kwenye choroko.

"Jungu lile, mwanangu, ulibeba au ulibebeshwa?"

Nje Twaha alikuwa anacheka na rafiki yake.

Nikisema nilibeba, basi mie ndiye niliyemtoa mwanawe nyumbani wakati ndoa haijatimiza hata mwezi, na atanisamehe kama watu wanavyomsamehe mgeni. Nikisema nilibebeshwa, nimemuumbua mume wangu mbele ya mama yake, na mwezi unatafutwa jioni hii. Na Twaha hatoweza kunitazama tena kama anavyonitazama.

Nikasema, "Mama, naomba niswali kwanza."

Akasema, "Kaswali. Sina haraka."

Nimeshaswali. Nimekaa juu ya mswala naandika. Chumba kimebaki kitupu, sauti zinarudi. Namsikia nyuma ya mlango: choroko nzuri zinaanguka kwenye bakuli, moja moja, mbovu hazisikiki. Hajaondoka. Nilipokuwa naingia niliona ameleta ungo wa pili, kauweka upande wangu.

Honi. Tena. Kamba zimeshafungwa, wanasubiri mie.

Mama hajaniita. Twaha ndiye anayeita.